Vibarua Hasi Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kwa dada yangu leo mchana pamoja na mvua. Sisemi mvua ilinifuata, lakini watu wa stendi wameona wenyewe: nilipokanyaga chini tu, ikaanza. Nimekuja na begi la nguo, sanduku la spana na daftari hili, ambalo nilipewa na duka la vifaa vya mabomba kwa kuwa hawana mteja mkubwa kunizidi. Wengine walipewa kalenda.

Naandika kwa sababu Dada alipigwa na kiharusi mwezi wa kwanza na maneno yakamtoka. Mtu mwenye maneno mengi akiwekwa nyumba moja na mtu asiye nayo, yale yake lazima yapate pa kumwagikia, la sivyo yatapasua bomba.

Kusema yamemtoka yote si kweli. Limebaki moja. Dada amefundisha hesabu tangu mimi sijaota ndevu, na katika maneno yote ya dunia kichwa chake kimeng'ang'ania hili: "Kwa hiyo." Akitaka chai, kwa hiyo. Akitaka dirisha lifungwe, kwa hiyo. Aliponiona mlangoni, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mkono wa mtu mwingine na mdomo umevutwa upande, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Kwa hiyo," kama anayesema haya, na wewe umekuja.

Nililia kidogo. Nikasema ni mvua.

Anayemtunza ni binti yake wa pekee. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi. Mimi humwita Hakimu tangu akiwa mdogo, maana hajawahi kunisamehe sentensi hata moja. Ameniambia kwamba asubuhi zote nitakuwa naye mimi, nisimwache peke yake. Kisha akanieleza jambo lenyewe. Mwalimu Mkuu wa shule ya mama yake amemshikia nafasi yake mpaka muhula mpya, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Akionekana anaweza, atarudi darasani, hata kwa vipindi vichache. Akionekana hawezi, atastaafishwa kwa ugonjwa.

"Na mwenyewe anataka nini?" nikauliza.

Hakimu akanionyesha dirisha. Kwenye kizingiti kuna kipande cha chaki. Mama yake hukishika kila asubuhi kwa mkono wa kushoto, anakizungusha tu, na akikirudisha vidole ni vyeupe.

Nikamwambia aondoe wasiwasi. Mimi niliwahi kuirudishia maji hoteli ya ghorofa nne kwa spana moja na kipande cha mpira. Itakuwa mtu mmoja?

"Mama si hoteli, Mjomba."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Amekula mkate, amekunywa chai. Nimemsimulia habari za ile hoteli. Kwa hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimemsimulia tena hoteli, ghorofa tano. Alinyanyua nyusi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama wa mazoezi kule hospitali alisema mgonjwa apewe alichokizoea. Leo nikamletea kitabu chake cha hesabu, kwenye kurasa za mafumbo, zile hesabu zinazoanza kama hadithi. Akakifungua. Macho yakakimbia juu ya mistari, yakarudi, yakakimbia tena, akakisukuma mpaka kikaanguka. Hakimu alikwisha kunionya: herufi zinamchezea, haziungani zikawa neno. Lakini masikio yake ni mazima. Basi nikakiokota, nikamsomea mimi, polepole.

Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa sita. Bomba la pili hujaza tangi hilohilo kwa saa tatu. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

"Hii ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Sita na tatu ni tisa, gawa kwa mbili, saa nne na nusu. Tuendelee."

Dada akanitazama. Nimetazamwa na polisi, nimetazamwa na wakwe, sijawahi kutazamwa hivyo. Nikafikiri tena. Bomba la pili likiwa peke yake linamaliza kwa saa tatu. Likisaidiwa lichelewe? Nikafunga mdomo.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa penseli. Maandishi yameinama kama nyasi zilizokanyagwa, lakini yanasomeka:

1/6 + 1/3 = 1/x
1/6 + 2/6 = 1/x
3/6 = 1/x
1/2 = 1/x
x = 2

Saa mbili. Alama za sawasawa zimepangwa moja chini ya nyingine kama misumari ya seremala. Nilipokuwa nanakili humu nikaruka mstari wa pili, akanigonga kidole kwa penseli.

Hakimu aliporudi nikamweleza, akacheka. Akasema hiyo ndiyo sheria ya mama yake darasani: mstari mmoja, tendo moja. Huruki hata kama jibu unaliona linakupungia mkono. Wanafunzi humwita Mama Mstari. Kisha akaitazama tena ile karatasi, akaingia jikoni, akachelewa kutoka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na hakuna kitunguu kilichokatwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mafumbo ya kitabu yananichosha. Yamejaa watu wasio na maana. Mtu fulani ana machungwa, mtu fulani anatembea kwenda mji fulani. Nani anawajali? Nimeamua kumtungia Dada yangu mwenyewe, yenye mtu wa maana ndani yake.

Nikaanza na la adabu. Dada ananizidi miaka saba. Jumla ya umri wetu ni mia moja na tisa. Mdogo ana miaka mingapi?

x + (x + 7) = 109
2x + 7 = 109
2x = 102
x = 51

Akanielekezea ncha ya penseli, na ule upande mzima wa mdomo ukapanda. Hadharani mimi nina arobaini na tano. Nimeomba karatasi hiyo ichomwe.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mafumbo matatu, yote sahihi.

Jumatano, 19 Machi

Sasa ananingoja. Nikichelewa kuanza, anagonga meza kwa penseli. Ninamletea kiti karibu na dirisha, naweka karatasi, namtungia. Ninaposimulia anafumba macho, na ninaona kwenye uso wake kwamba anaivua nguo hadithi yangu: anatoa mvua, anatoa umati wa watu, ananitoa hata mimi na kofia yangu, anabaki na namba. Kisha anaandika herufi moja mahali pa kile tusichokijua, na anakwenda nayo mstari kwa mstari mpaka ijitaje.

Sikuwahi kumwona akifanya kazi yake. Kwangu alikuwa dada anayefungasha karatasi za mitihani. Nilikuwa nikisema hesabu ni kazi ya kukaa. Leo jasho lilimtoka usoni, na nje kuna baridi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Mtaro wa mbele umejaa. Hakimu kaenda kazini na mifuko ya nailoni miguuni.

Alhamisi, 27 Machi

Leo kuna kitu kimeniogopesha.

Nilimtungia fumbo la bomba la chuma. Nikasimulia jinsi nilivyolibeba begani peke yangu kutoka stesheni ya treni mpaka kisimani, watu wamejipanga barabarani, wanawake wanapiga vigelegele. Nikamalizia: "Wakati huo, Dada, umri wangu ulikuwa nusu ya wako. Nilikuwa na miaka mingapi?"

x = (x + 7)/2
2x = x + 7
x = 7

Saba! Mtoto wa miaka saba abebe bomba la chuma? Nikamwambia, "Dada, angalia vizuri, nilikuwa na ndevu." Akapiga mstari chini ya saba. Nikamsimulia upya. Akapiga mstari wa pili. "Kwa hiyo," akasema, kwa sauti ya kukatisha mjadala.

Sikumwambia Hakimu.

Jumatatu, 31 Machi

Mungu atusaidie. Nilimpa fumbo la mtaro, lile ninalolisimulia kila mahali. Tulikuwa watu thelathini, mafundi na vibarua. Kila fundi alichimba mita tano, maana ana mbinu, kila kibarua mita mbili. Kabla jua halijazama tukamaliza mtaro wa mita mia na themanini, bosi akavua kofia. Mafundi walikuwa wangapi na vibarua wangapi?

Aliandika muda mrefu.

f + v = 30
5f + 2v = 180
v = 30 − f
5f + 2(30 − f) = 180
5f + 60 − 2f = 180
3f + 60 = 180
3f = 120
f = 40
v = 30 − 40
v = −10

Watu thelathini, mafundi arobaini! Na vibarua hasi kumi! Kibarua hasi ni mtu gani? Anaondoka na udongo au anaurudisha shimoni?

Nilicheka ili asiogope. Hakucheka. Alinielekezea penseli kifuani, akapiga meza. "Kwa hiyo! Kwa hiyo! Kwa hiyo!" Shingo ilimvimba. Nikamshika mkono nikimwambia, tulia Dada, tulia, si kosa lako, ni ugonjwa. Akauchomoa mkono na kugeukia ukuta.

Ndivyo unavyokwenda, nafikiri. Maneno yalitangulia, sasa namba zinafuata.

Jumanne, 1 Aprili

Amekataa penseli. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule ya Dada iliita fundi wa koki za uani. Nikaenda mchana, Hakimu akiwa nyumbani. Koki sita, dakika chache tu. Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe na mwavuli, mtu mpole mwenye viatu vilivyolowa.

"Fundi, Mwalimu wetu anaendeleaje? Niambie ukweli. Wanafunzi wananiuliza kila siku."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope. Nikasimama. Hapo mtu mwenye shahada zake ananiuliza mimi, fundi bomba, kuhusu akili ya mwalimu wa hesabu. Nikajifuta mikono polepole kama daktari.

"Mkuu," nikasema, "nakuambia kama mtu ninayekaa naye kila asubuhi. Mwanzoni hesabu zilikuwepo. Sasa zimeondoka. Juzi ameniandikia vibarua hasi kumi."

"Hasi kumi?"

"Kwa mkono wake. Na mtoto wa miaka saba kubeba bomba la chuma."

Alitazama maji yanavyotiririka kutoka paa la darasa. "Basi hakuna haja ya kumsumbua kwa kumjaribu," akasema. "Nitatuma karatasi."

Nimerudi nimeloa. Nilisema niandike kwamba alinishukuru kwa ushauri wangu. Alinishukuru kweli. Lakini Hakimu sikumwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika yalivyotokea, na sitatia chumvi.

Karatasi imeletwa leo na mhudumu wa shule. Hakimu aliifungua akiwa bado na unga kwenye nywele. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, kwa kuwa kwa mama yake hafichi kitu. Kustaafishwa kwa ugonjwa. Sababu: mwalimu amepoteza uwezo wa kufanya hesabu.

Dada alikuwa dirishani. Hata lile neno lake moja hakulisema. Aliifikia chaki kwenye kizingiti, akaiangalia, akaiacha palepale.

"Nani kawaambia hivi?" Hakimu akauliza. "Mkuu hajakanyaga hapa. Alisema atakuja kumwona. Nani kamwambia?"

Ningeweza kusema sijui. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Dada alikuwa amegeuka ananitazama, na anajua sauti yangu ya uongo kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Mimi," nikasema. "Lakini ni kweli, mwanangu. Sikutaka kukuogofya. Karatasi ninazo."

Nikamtolea. Alikaa chini, akazitandaza mezani. Hakimu alifundishwa na mama yake mpaka kidato cha nne, hesabu anazijua. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akateremka. Mstari mmoja, tendo moja. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kama changarawe. Alifika chini, akarudi juu, akateremka tena. Nilikuwa namngoja aone kosa, na moyoni, nisimsingizie Mungu, nilikuwa naomba alione upesi ili iwe si mimi.

"Hakuna kosa," akasema.

"Vibarua hasi kumi si kosa?"

"Hapa hakuna kosa. Kila mstari umetoka kwenye mwenzake." Akarudisha kidole juu kabisa. "Mjomba. Huo mtaro ulikuwa mita ngapi?"

"Mia na themanini. Kila mtu anajua."

"Mjomba."

"Mia na kitu."

"Mjomba, mama anavuliwa kazi."

Nilivua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia.

"Tisini," nikasema.

Angenitukana ningeshukuru. Alichukua penseli, akafuta mia na themanini, akaandika tisini, akateremka nayo.

3f + 60 = 90
3f = 30
f = 10
v = 20

"Mafundi kumi?"

"Kumi, nikiwemo mimi."

"Vibarua ishirini?"

"Ishirini. Mmoja alikuwa na kikohozi, lakini alichimba."

Basi. Jibu lilikuwa limekaa ndani ya mtaro miaka yote, na mimi nilikuwa nimelifukia kwa kuuongeza. Na lile bomba la chuma? Anayenizidi miaka saba anakuwa na umri mara mbili ya wangu mara moja tu maishani: mimi nikiwa na saba, yeye kumi na minne. Alinihesabia sawasawa. Nilimpa hadithi isiyowezekana, akanirudishia isiyowezekana, akapiga mistari miwili chini yake ili nione, akanielekezea penseli kifuani ili nielewe, akalirudia lile neno lake mpaka shingo ikavimba. Nikamwambia ni ugonjwa.

"Kwa hiyo," akasema Dada kutoka dirishani. Taratibu tu. Kama anayefunga mlango bila kutaka kuamsha watu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu. Kwa miguu, mvuani, karatasi zote nimezifunga nailoni kifuani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilipofika ofisini kwake ikatoka hivi: "Mkuu, dada yangu ni mzima wa hesabu. Mwongo ni mimi."

Alisoma karatasi zote. Akauliza, "Sasa nimwamini fundi yupi? Wa wiki iliyopita au wa leo?"

"Usimwamini yeyote. Njoo umwone mwenyewe, kama ulivyoahidi."

Akasema karatasi ilikwisha kutumwa ofisi za juu, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia, mimi ni fundi bomba, maji yaliyomwagika ndiyo yananilisha. Alitabasamu kidogo. Akasema muhula ukifunguka atampa kipindi kimoja, mbele ya darasa lake lenyewe, naye atakaa nyuma. Nani atamsomea fumbo, kwa kuwa hasomi? Nikasema mimi.

"Kama lilivyoandikwa?"

"Kama lilivyoandikwa."

Jumamosi, 12 Aprili

Dada hanitazami. Amekula kidogo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Leo nilikaa mbele yake nikamsomea fumbo la kitabuni. Mtu fulani ana machungwa. Sikuongeza hata kapu la kuyabebea. Nilipomaliza akanyoosha mkono apewe penseli.

Alhamisi, 24 Aprili

Machungwa, matangi, watu wanaokwenda mji fulani. Ni kazi ngumu kusoma kitu kilivyo. Ulimi unawasha. Jana nilisema "kisima kirefu" na kitabuni ni "kisima", akanigonga kidole.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua imepungua. Hakimu amenipa mkate wa moto aliokuja nao. Hajaniita Mjomba bado, lakini aliuweka upande wangu wa meza.

Jumatatu, 5 Mei

Tumemvalisha gauni lake la bluu. Hakimu alibadilishana zamu. Tulikwenda taratibu, mimi upande wa kulia, na kwenye madimbwi nikambeba, jambo ambalo ni kweli na lina mashahidi.

Darasa lilisimama. Watoto wale walisimama, na hakuna aliyewaambia wakae, mpaka Dada alipoona, akashusha mkono wa kushoto polepole, wakakaa. Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye dawati la nyuma, magoti yamebanana. Akanipa fumbo alilolichagua mwenyewe. Nikasimama kando ya ubao na kofia mkononi, nikasoma:

Mama ana umri mara tatu ya umri wa mtoto wake. Miaka kumi na miwili ijayo atakuwa na umri mara mbili ya mtoto. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

Nikakoma hapo. Sikumpa yule mama jina wala kilema wala safari.

Chaki ikalia ubaoni. Herufi kubwa, zimeinama.

3x + 12 = 2(x + 12)
3x + 12 = 2x + 24
3x = 2x + 12
x = 12

Mtoto kumi na miwili, mama thelathini na sita. Kila mstari chini ya mwenzake. Nyuma ya darasa nilisikia mtu akivuta pumzi, nafikiri ni Hakimu mlangoni.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, naomba kuuliza. Pale mstari wa kwanza, kwa nini umefunga mabano? Kwa nini usizidishe x peke yake?"

Dada akafungua mdomo. "Kwa hiyo," akasema. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. "Kwa hiyo." Nikaona maneno yote yamemjaa mpaka machoni, na mlango ni mmoja na umekwama. Darasa zima likatazama chini, kwa adabu. Kisha akanigeukia mimi.

Maisha yangu yote nimeziba kimya kwa maneno. Ningeweza kuwaambia watoto wale lolote, na wangeandika kwenye madaftari yao. Hakimu alikuwa ananitazama. Mwalimu Mkuu alikuwa ananitazama.

"Sijui," nikasema. "Anajua yeye."

Dada akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akafuta ile kazi yote kwa kiganja, akaandika tena mstari wa kwanza bila mabano, 3x + 12 = 2x + 12, akampa yule msichana chaki. Akamwonyesha ubao: nenda.

Msichana akaenda. Akaondoa kumi na mbili pande zote. Akaondoa 2x pande zote. Akasimama.

"Sifuri," akasema. "Mtoto ana sifuri."

"Kazaliwa leo!" mmoja akapaza sauti.

"Na mama yake je?" mwingine akasema. "Sifuri mara tatu! Mama naye kazaliwa leo!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Dada naye alicheka, kwa ule upande mmoja. Yule msichana hakucheka. Alikuwa amekodolea ubao, midomo inakwenda. "Kumbe na mtoto anaongezeka," akasema. "Miaka kumi na miwili inampita na yeye. Kwa hiyo lazima tumzidishe pamoja na hiyo miaka yake." Akafunga mabano mwenyewe.

Dada akatikisa kichwa kukubali, mara moja, na kuegemea meza.

Baadaye, uani, Mwalimu Mkuu alinivuta pembeni. "Fundi, hesabu anazo zote. Kuliko zangu. Lakini darasa lina watoto hamsini, na mtihani wa taifa. Lile lilikuwa swali moja. La pili, la tatu, la kumi? Siwezi. Nisaidie kumwambia."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Anasikia."

Alikwenda akamwambia. Simlaumu, alimwambia akiwa amesimama mbele yake na hakuzungukazunguka. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alirudi darasani, akachukua kifutio, akafuta ubao wote, kuanzia kushoto mpaka kulia, mpaka kona za juu asizozifikia, ambazo alininyooshea mimi kifutio nizimalizie.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu Mkuu amekuja na ile karatasi, imerudi kutoka ofisi za juu ili isainiwe. Hakimu akamsomea mama yake yote. Alipofika kwenye sababu, amepoteza uwezo wa kufanya hesabu, Dada akainua mkono. "Kwa hiyo?" Hakimu akasoma tena, akiweka kidole juu ya maneno yenyewe.

Dada akaomba kalamu. Akapiga mstari juu ya maneno hayo, mmoja, umenyooka kuliko yote aliyoipiga msimu huu. Akamsukumia Mwalimu Mkuu karatasi na kungoja.

Yule bwana alivua miwani, akaivaa. Juu ya mstari akaandika: amepoteza usemi. Akaweka sahihi yake pembeni ya masahihisho. Hakimu akayasoma. Ndipo Dada akasaini, kwa mkono wa kushoto.

Mkuu alipoondoka, Hakimu akaniuliza, "Mjomba, unakunywa chai?"

Jumapili, 11 Mei

Jua. Tumeanika magodoro.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nilikwenda kibanda cha chai kununua sukari. Kulikuwa na mafundi wenzangu wawili wa zamani na vijana kama watano wa kuchimba, wamekaa wakisubiri kazi. "Huyu hapa!" mmoja wao akawaambia vijana. "Mwacheni awasimulie ule mtaro. Mia na themanini, siku moja!"

Wakanipisha benchi. Nikakaa. Walikuwa na macho ya kungoja, na mimi hakuna kitu ninachokipenda duniani kama macho hayo.

"Tisini," nikasema.

"Tisini?"

"Mafundi kumi, vibarua ishirini. Na mmoja alikuwa na kikohozi."

Walinitazama kama ninaumwa. Mmoja wa wale vijana akasema, "Hata tisini kwa siku si mchezo." Nikalipia sukari yangu.

Nilipofika nyumbani, Dada alikuwa dirishani, kizingiti kikavu, chaki iko mkononi mwake. Alinisikia nikiingia. Akaiweka chini, akagonga meza kwa penseli.

Nikavuta kiti. Nikaanza, "Siku moja nilikuwa..." Akanyanyua penseli. Nikanyamaza kwanza, nikakumbuka vizuri siku yenyewe, tulikuwa wangapi, ilikuwa saa ngapi, na kama kweli nilikuwepo.